Msitu Uliolindwa na Maji

1. Adui au rafiki?

Mtoto aliyezaliwa kando ya mto anajua mafuriko. Mvua inanyesha siku nyingi, mto unajaa, maji yanapanda ukingoni, kisha yanaingia mashambani. Mihogo inaoza, njia inapotea, na nyumba zilizojengwa bondeni zinaingia maji. Basi watu wanasema: maji haya ni adui. Nao wana haki kusema hivyo, maana wamepoteza chakula chao.

Lakini maji yakipunguka, mvuvi hasemi hivyo. Anakwenda kwenye madimbwi yaliyobaki, naye anakuta samaki. Mwanamke mwenye shamba ukingoni anakuta udongo mpya, mweusi na laini, umelala juu ya ule wa zamani. Anajua kwamba mahindi yake yatakuwa mazuri kuliko ya mlimani. Kumbe, maji yale yale yaliyoharibu yameacha pia zawadi.

Somo hili laeleza habari za msitu mmoja wa mbali unaoishi kwa mafuriko. Mafuriko yaliulisha, tena kwa muda mrefu yaliwazuia watu wasiukate. Kisha ikafika siku ambayo maji peke yake hayakutosha kuulinda. Siku ile ilibidi watu waulinde wenyewe.

2. Mahali penyewe

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini-mashariki, kuna jimbo liitwalo South Carolina. Mji wake mkuu ni Columbia. Katika mji huo mito miwili, Broad na Saluda, inakutana na kuwa mto mmoja unaoitwa Congaree. Mto huu unashuka polepole katika bonde pana, kisha unakutana na mto Wateree. Toka hapo maji yote yanaitwa Santee, mpaka yafikapo katika bahari ya Atlantiki.

Kando ya mto Congaree, mwendo wa kilometa 30 hivi toka mjini Columbia, kuna hifadhi ya msitu yenye zaidi ya hektari 10,000. Hifadhi hiyo si shamba la tajiri, wala si la chifu. Ni mali ya taifa zima. Mtu yeyote aweza kuingia bila kulipa kitu: kutembea kwa miguu, kupiga kafi katika kijito, kuvua samaki kwa kibali, kutazama ndege, au kukaa kimya tu na kupumzika.

Msomaji wa Kongo akisikia jina la Congaree, labda atafikiri ni jina la nchi yake. Sivyo. Majina yanafanana kwa bahati tu. Wacongaree walikuwa kabila la wenyeji waliokaa pale kabla Wazungu hawajafika. Wazungu walipokuja walileta ugonjwa wa ndui, nao wenyeji wengi wakafa. Waliosalia wakajiunga na makabila mengine. Kabila likatoweka, jina likabaki juu ya mto.

3. Jinsi maji yanavyoulisha msitu

Katika mwaka mmoja mto Congaree unafurika mara 10 hivi. Si mafuriko yote yaliyo makubwa. Mara nyingine maji yanajaza mifereji na mabonde madogo tu. Mara nyingine yanafunika nchi yote, hata mtu haoni tena mahali mto unapoishia na mahali msitu unapoanza.

Tazama kazi ya maji hayo. Mtoni maji yanakwenda kwa nguvu, nayo yanachukua udongo wa nchi za juu. Yakiingia kati ya miti, mashina yanayazuia, na mwendo wake unapungua. Maji yanayokwenda polepole hayawezi kubeba mzigo mzito. Kwa hiyo yanauacha udongo, nao unatua chini pamoja na majani yaliyooza. Huo ndio mbolea ya msitu. Hakuna mtu aliyeileta kwa kikapu. Mto wenyewe umeileta.

Tena msitu nao unaulipa mto. Kwanza, unayapokea maji mengi kwa wakati mmoja na kuyaachilia kidogo kidogo. Kwa hiyo watu wakaao chini ya mto wanapata mafuriko madogo zaidi. Pili, maji yarudiyo mtoni yamekwisha kuacha udongo na uchafu mwingi. Tatu, samaki huingia kati ya miti wakati wa mafuriko, nao wanapata chakula na mahali pa kutagia mayai. Basi mto na msitu ni kama majirani wawili wema: kila mmoja anapokea, kila mmoja anatoa.

4. Miti mirefu na magoti yake

Kwa sababu ya mbolea hiyo, miti ya Congaree imekua sana. Iko misonobari, yaani miti yenye majani membamba kama sindano, iliyofika urefu wa meta 50 hivi. Urefu huo ni kama wa nyumba ya ghorofa 15.

Mti ulio wa ajabu zaidi ni sipresi ya majini. Inasimama ndani ya maji na haiozi. Shina lake ni nene sana chini, kama mtungi, na linazidi kuwa jembamba kwa juu. Kuzunguka shina vinatoka ardhini vipande vya mti vilivyosimama wima, vingine vifupi kama kiganja, vingine virefu kama mtu mzima. Watu wameviita magoti. Magoti hayo yanatoka katika mizizi. Wataalamu wengine wanasema yanausaidia mti kusimama imara katika matope. Wengine wanasema yanaisaidia mizizi kupata hewa. Hata leo hawajakubaliana.

Zamani misitu ya namna hii ilijaza mabonde ya mito mingi ya nchi ile. Karibu yote ilikatwa ili kupata mbao na mashamba. Msitu wa Congaree ndio mkubwa kuliko mingine ya namna yake iliyobaki mizima, yenye miti ya kale, katika upande ule wote wa Marekani.

5. Wakazi wa msitu

Atembeaye asubuhi na mapema, bila kelele, ataona wengi. Kulungu wanakula majani machanga. Fisi-maji wanacheza katika kijito na kutafuta samaki. Kobe wa majini wamepanda juu ya gogo kuota jua, nao wakisikia kishindo wanatumbukia wote mara moja. Ndege mdogo wa rangi ya manjano anajenga kiota katika tundu la mti mkavu juu ya maji. Kigong'ota mkubwa mwenye kishungi chekundu anapiga mti kwa mdomo wake, naye husikika mbali kama seremala. Bundi wa pale analia hata mchana.

Yuko pia nyoka mwenye sumu apendaye maji. Akitishwa anafungua kinywa, na ndani ya kinywa chake ni mweupe kama pamba. Haumfuatii mtu. Mtu ndiye anayepaswa kutazama mahali atiapo mguu wake.

Mnyama mmoja tu ndiye asiyetakiwa: nguruwe. Nguruwe wale si wa asili ya pale. Mababu zao waliletwa na Wazungu, wakatoroka, wakazaana porini. Wanachimbua ardhi kwa pua zao, wanakula mbegu na mayai, wanachafua maji. Walinzi wa hifadhi wanajaribu kuwapunguza, lakini kazi hiyo ni ngumu. Mgeni aliyeachwa aingie bila kufikiri, ni shida kumtoa.

6. Waliokimbilia ndani ya maji

Msitu huo una habari nyingine ambayo haifai kusahauliwa na mtoto wa Afrika. South Carolina ilikuwa nchi ya watumwa. Watu walikamatwa Afrika, wakavushwa bahari katika merikebu, wakauzwa, wakalimishwa mashamba ya wengine bila mshahara. Wengi wa watumwa wa jimbo lile walitolewa katika nchi za Kongo na Angola.

Mabwana walijaribu kulima hata katika bonde la Congaree. Watumwa wakalazimishwa kujenga maboma ya udongo ili kuzuia mto, na vilima vidogo ili ng'ombe wapate kupanda juu yake wakati wa mafuriko. Baadhi ya vilima hivyo vinaonekana hata leo. Lakini mto ulifurika tena na tena.

Mahali palipomshinda bwana palimsaidia mtumwa. Watumwa waliotoroka walijificha ndani ya msitu ule. Walikaa juu ya sehemu zilizoinuka kidogo, wakavua samaki, wakatega wanyama, wakajifunza njia za maji ambazo wenye farasi na mbwa hawakuzijua. Maisha yao yalikuwa ya hatari: mbu, nyoka, baridi ya usiku, na hofu ya kukamatwa kila siku. Lakini waliyachagua, maana ndani ya maji yale walikuwa watu huru. Utumwa ulifutwa katika nchi nzima mwaka wa 1865.

7. Shoka linashindwa, kisha linarudi

Baadaye walikuja wafanya biashara ya mbao. Mpaka mwaka wa 1905, kampuni ya Francis Beidler ilikuwa imekwisha kununua sehemu kubwa ya msitu. Ilitaka mbao za sipresi, kwa sababu haziozi upesi. Lakini hakukuwa na njia ya kupitisha magogo katika matope. Wakataji waliweza kufanya kazi karibu na mito tu. Tena miti mingi iliyokatwa ilikuwa na maji mengi ndani. Ilipotupwa mtoni haikuelea, ilizama. Kabla ya miaka kumi kupita, kampuni ikaacha kazi. Maji yalikuwa yameulinda msitu.

Miaka mingi ikapita. Watu wakapata mashine zenye nguvu, zinazoweza kuingia hata mahali pa matope. Mwaka wa 1969 bei ya mbao ilikuwa imepanda, na wenye ardhi wakafikiri kukata tena. Ardhi ilikuwa yao, nao walikuwa na haki ya kuuza mali yao. Lakini mti uliosimama miaka mia mbili au mia tatu hukatwa kwa saa moja, na hakuna fedha iwezayo kuusimamisha tena. Je, ingefaa nani ashinde?

Yuko mtu mmoja aliyekwisha kuliona jambo hilo mapema. Jina lake Harry Hampton, mwandishi wa gazeti mjini Columbia. Alikuwa mwindaji na mvuvi, aliyeupenda msitu ule kwa kuuzoea. Toka miaka ya 1950 alikuwa akiandika na kusema kwamba msitu wa Congaree lazima uhifadhiwe. Wengi hawakumsikiliza. Walisema: bwawa lile lina faida gani? Ni mbu na nyoka tu. Yeye hakuchoka.

Hatari ilipokaribia, watu wengine wakasimama pamoja naye. Wakafanya mikutano, wakaandika barua, wakapima miti na kuonyesha ukubwa wake, wakawaongoza wageni ndani ya msitu wajionee wenyewe. Hawakuiba ardhi ya mtu, wala hawakuchoma mashine. Walitaka serikali iinunue ardhi ile kwa haki. Mwaka wa 1976 baraza kuu la Marekani likapitisha sheria, na Congaree ikawa hifadhi ya taifa zima. Harry Hampton aliishi kuiona siku ile. Leo nyumba ya kupokelea wageni ina jina lake. Mwaka wa 2003 hifadhi ikapewa cheo cha juu zaidi, ikaitwa Congaree National Park.

Kati ya miaka hiyo tufani kubwa iliupiga msitu, mwezi wa Septemba 1989. Miti mirefu mingi ilivunjika. Watu wakalia. Lakini mahali miti ilipoanguka jua likapata njia, na miche mipya ikaota. Magogo yaliyolala yakawa nyumba za wadudu, za ndege na za wanyama. Tufani inaangusha mti na kuuacha pale pale. Shoka linauangusha na kuuondoa. Tofauti hiyo ni kubwa.

8. Kutembea kama mgeni mwema

Siku hizi watu wengi huja Congaree kupumzika. Toka nyumba ya wageni linaanza daraja la mbao, lenye mzunguko wa karibu kilometa 4, lililoinuliwa juu ya ardhi. Daraja hilo lina faida mbili. Mzee, mtoto mdogo na hata kilema mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika katikati ya msitu. Tena miguu ya watu haiikanyagi mizizi wala miche.

Mwenye nguvu zaidi anachukua mtumbwi na kushuka kijito cha Cedar Creek. Lakini kabla ya kuanza anauliza kwanza kimo cha maji. Maji yakiwa mengi mno, mkondo una nguvu na njia haionekani. Yakiwa machache mno, mtumbwi unakwama. Mara nyingine mti umeanguka na kuziba kijito. Hapo lazima kushuka na kuvuta mtumbwi. Mtu mwenye akili havipuuzi vitu hivi. Anavaa vazi la kuelea, anachukua maji ya kunywa, na anamwambia mtu wa nyumbani saa atakayorudi.

Penye nyumba ya wageni kuna ubao unaowachekesha watu. Ni kipimo cha mbu, chenye mshale. Mshale ukiwa kwenye 1, mbu hawako. Ukiwa kwenye 6, maana yake ni vita! Lakini hata mbu ni chakula cha popo, cha ndege na cha samaki.

Sheria za msitu ni chache, nazo zaeleweka. Kuwinda ni marufuku. Kuchuma maua na kuchukua magoti ya sipresi ni marufuku. Kuwapa wanyama chakula ni marufuku, kwa sababu mnyama aliyezoea mkono wa mtu husahau kujitafutia. Takataka zirudi na mwenyewe. Mtu mmoja akichuma ua moja, atasema: ni moja tu. Lakini wageni ni maelfu na maelfu.

9. Usiku wa vimulimuli

Toka katikati ya Mei, kwa muda wa majuma mawili hivi, linatokea jambo la ajabu. Giza likiingia, vimulimuli wanaanza kuwaka. Kwanza kila mmoja anawaka kwa wakati wake. Kisha wanapatana: maelfu wanawaka kwa pamoja, wanazima kwa pamoja, kama wanakwaya wanaomtazama mwalimu mmoja. Lakini mwalimu hayuko. Madume ndiyo yanayowaka hivyo, na majike yaliyo chini karibu na majani yanajibu kwa mwanga wao. Hivyo wanatafutana ili wazae.

Habari hiyo ilipoenea, watu wakaja wengi mno. Waliwasha taa za mkono wapate kuona njia. Lakini mwanga wa taa unawapoteza vimulimuli. Dume halioni jibu la jike. Na mtu anayetoka njiani anakanyaga wadudu waliomo katika majani. Basi wale waliokuja kwa kuwapenda vimulimuli walikuwa karibu kuwaharibu.

Wakuu wa hifadhi wakafanya nini? Hawakuufunga msitu. Waliweka hesabu ya magari, na watu wanapigiwa kura ili kupata nafasi. Asiyepata, anangoja mwaka mwingine. Anayepata, anakaa gizani, hatoki njiani, wala hawashi taa nyeupe. Watu wanaona kidogo zaidi, lakini wataona tena mwakani, na watoto wao wataona.

10. Na kwetu?

Kongo nayo ina misitu ya maji, tena mikubwa kuliko Congaree mara nyingi sana, hasa kati ya mto Kongo na mto Ubangi. Tena karibu kila kijiji kina bonde lake lenye maji, ambapo watu huvua, huteka maji na kukata matete. Ni rahisi kusema: mahali hapa ni pa mbu tu, tupakaushe, tukate yote. Mara nyingine shamba ni lazima, maana watoto wanataka kula. Lakini kabla ya kukata, mtu mwenye akili anauliza kwanza: maji ya mafuriko yatakwenda wapi? Samaki watatagia wapi? Chemchemi itabaki? Na kitu hiki ni changu peke yangu, au ni cha wote?

Congaree haikuokolewa na mtu mwenye fedha nyingi. Iliokolewa na watu walioijua, waliokuwa wameitembelea kwa miguu yao.

Maneno ya kukumbuka

Mafuriko: maji ya mto yanayotoka katika njia yake na kuingia nchi kavu.
Hifadhi: mahali palipowekwa na sheria ili miti na wanyama wasiharibiwe.
Ndui: ugonjwa wa zamani uliofanya malengelenge mwilini na kuua wengi.
Kimo: urefu wa kitu toka chini mpaka juu.
Kupiga kura: hapa, kuchagua watu kwa bahati bila upendeleo.

Maulizo

1. Mto Congaree unafurika mara ngapi kwa mwaka?
2. Kwa nini udongo unatua maji yanapoingia kati ya miti?
3. Msitu unaulipa mto kwa njia gani tatu?
4. Kwa nini watumwa waliotoroka walijificha msituni?
5. Kwa nini kampuni ya mbao iliacha kazi mara ya kwanza?
6. Harry Hampton na wenzake walifanya nini ili kuokoa msitu? Nini hawakufanya?
7. Taa nyeupe inawadhuru vimulimuli namna gani?
8. Waulizeni wazee wa kijiji: bonde letu lilikuwaje zamani? Ni samaki gani, ndege gani na miti gani waliyoiona? Andikeni majibu yao, mistari kumi.